Tusilikatae neno "Mungu"

Wako vijana wetu wa pwani wakaao Nairobi, watu wa msikitini na wenye ilimu, ambao siku hizi huwakanya wazee wao wasitaje neno "Mungu". Hoja zao ni mbili: ati neno hilo limetoka kwa wasio Waislamu, na ati lina wingi, "miungu", hali Mola wetu ni mmoja asiye na mshirika. Nia yao ni njema, lakini hoja hazisimami.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Asili yake ni "Mulungu". Mgiriama husema Mulungu, na Mkamba, Myao na Mchewa kadhalika; Mtaita husema Mlungu, Mmeru Murungu. Kiswahili kiliiangusha "l" ya katikati, likawa "Muungu", kisha "Mungu". Kama vile "mvula" ya Wagiriama ilivyo "mvua" kwetu. Basi ni neno la ukoo, si la kuazima.

Hapo Nairobi kila watu wana lao. Waluhya wa Kangemi na Kawangware wana Nyasaye. Wakikuyu wa Dagoretti wana Ngai, waliyemtwaa katika Enkai ya Wamaasai, ambayo kwa Wamaasai ni Mola na pia ni mvua. Wahindu wa Parklands wana Bhagwan. Lakini wakutanapo sokoni au msibani, utawasikia wakisema, "Mungu akipenda." Hakuna aliyewalazimisha.

Na lugha za watu hazikosi kupokezana. Warusi, Waserbia na Wapolandi, ambao lugha zao ni za ukoo mmoja wa Kislavi, wote humwita Mola "Bog". Wanazuoni hulirejesha neno hilo kwenye shina la kale lenye maana ya kugawa mafungu. Shina hilo hilo ndilo lililozaa Bhagwan ya Wahindu, na kwa Waajemi likazaa "bakht", yaani fungu la mtu, ambalo kwetu ni "bahati". Nani aliyejua kwamba bahati yetu ina ndugu Moscow?

Sasa turudi kwenye hoja. Jina "Allah" Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakilitaja, nao waabudu masanamu. Baba yake Mtume (s.a.w.) aliitwa Abdullahi, naye alifariki kabla ya mwanawe kuzaliwa. Wakristo wa Kiarabu hulitumia hadi leo. Uislamu haukulitupa jina. Ulizisafisha itikadi za wenye kulitaja.

Ama huo wingi, Kiarabu nacho kina "ilahi", na wingi wake ni "aliha". Neno hilo limo ndani ya shahada yetu. Tukilifuta "mungu", mtoto wa chuoni tutamfasiria vipi kwamba hapana mungu ila Allah?

Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani Takatifu ilitolewa Nairobi mwaka 1969, aliandika "Mwenyezi Mungu". Je, naye alipungukiwa na ilimu?

Atakaye kusema Allah na aseme, ndilo jina tukufu. Lakini bibi kizee ainuapo mikono alfajiri akasema "Ewe Mungu wangu", asikatizwe dua yake. Amwitaye anajua lugha zote.

Wallahu aalam.