Swali Lipi Litangulie?

Kompyuta haina busara. Hufanya iliyoamriwa, tena kwa taratibu ile ile iliyoamriwa. Tuseme karani wa mishahara ana orodha ya askari 10, naye ataka mashine imtafutie jina moja. Majina huwekwa katika safu ya vyumba, na katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mnamo mwaka 1972, hesabu ya vyumba huanzia sifuri. Kwa hiyo chumba cha mwisho ni namba 9, wala si 10. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa.

Kabla ya kusonga mbele, programu hujiuliza maswali mawili: je, namba hii ingali chini ya 10, na je, jina lililomo chumbani si lile litafutwalo? Mtu aweza kudhani kuwa ni mamoja, litangulie lipi. Sivyo. C huuliza lililo kushoto kwanza; jibu likiwa hapana, la pili haliulizwi kabisa. Swali la namba likitangulia, huwa kama mlinzi langoni. Likiwekwa nyuma, mashine hufungua chumba namba 10 kwanza, ndipo iulize kama kipo! Pengine programu hukwama. Pengine husoma takataka na kuendelea kana kwamba hapana kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Lugha ya Ada, iliyotungwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kupewa kanuni zake rasmi mwaka 1983, ilichukua tahadhari: chumba kisichokuwamo kikiguswa, programu hutangaza kosa papo hapo.

Si jambo la darasani tu. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilieneza marekebisho ya programu yake ya kulinda kompyuta za Windows. Marekebisho hayo yalitaka kusomwa kitu cha 21, hali safu ilikuwa na vitu 20 tu, wala hapakuwa na swali la kukagua mpaka. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikwama. Ndege zilikaa viwanjani, hospitali ziliahirisha matibabu, na mafundi wengi walilazimika kuziendea mashine moja moja na kuzifufua kwa mkono. Siku chache baadaye kampuni iliongeza swali lililokosekana.