Nadia wa Bodyguard na Hijabu Zetu



Wengi wenu mmeshaiona Bodyguard, tamthilia ya siasa iliyorushwa na BBC mwaka 2018. Ambao bado, tunaomba radhi, maana hapa tunausema mwisho wake.

Hadithi inaanza ndani ya treni iendayo London. Nadia, mwanamke aliyevaa hijabu, kajificha chooni na mabomu mwilini. Anatetemeka, anaonekana kalazimishwa na mumewe. Askari David Budd anambembeleza mpaka anaokoka. Kumbe katika sehemu ya sita, ya mwisho, mambo yanageuka: Nadia ni mhandisi, na mabomu kayaunda yeye mwenyewe. Tena anawasuta polisi kwa kumdhania mnyonge.

Wapo waliofurahi, wakasema angalau safari hii mwanamke wa Kiislamu kapewa akili. Sisi hatukubali. Kapewa akili ya kuua tu. Tumetolewa chumba cha mnyonge tukatiwa chumba cha muuaji, na nyumba ni ile ile.

Linalotuuma zaidi ni kuwa tamthilia yenyewe ina swali zito. Waziri wa Mambo ya Ndani, Julia Montague, anapigania sheria ya kuwapa majasusi nguvu zaidi za kuchungulia maisha ya watu. Hilo ni jambo la kujadiliwa. Lakini hatukumuona mama wa Kiislamu wa kawaida akiulizwa sheria hiyo itamfanyia nini yeye na wanawe.

Sehemu ya mwisho ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 10 Uingereza. Na huko ndiko waliko dada zetu, na ndiko baadhi ya mabiharusi wetu wanakoolewa. Hina haijafutika mikononi, bi harusi anapanda treni na mtandio wake na begi lake. Aliyekaa mbele yake labda jana usiku alikuwa anamtazama Nadia. Sura ya Al-Hujurat inatukataza dhana mbaya. Filamu kama hizi zinaifundisha, na tena kwa utamu.

Kuna kipimo kiitwacho Riz Test, kilichotokana na hotuba ya mwigizaji Riz Ahmed. Miongoni mwa maswali yake: je, Mwislamu huyu anahusishwa na ugaidi? Kama ni mwanamke, je, anaonewa na wanaume wake? Nadia anaanguka kote kuwili.

Hatuombi tuonyeshwe kama malaika. Tunataka daktari mwenye hijabu aliyechoka na zamu, mbunge anayebishana bungeni, mke aliyekorofishana na mavyaa wake kisha wakapatana. Wanawake hao tunaishi nao.

Basi tukitazama na wanetu, hasa mabinti, tusinyamaze. Tuwaulize: huyu anafanana na mama? Anafanana na bibi? Watoto wanajua jibu, ila wanahitaji kulisikia likisemwa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.