UTAFITI WA SAMAKI UJE MATETE

Ndugu Wafanyakazi,

Wengi wetu twatoka Matete, na siku ya kuacha kazi tutarudi huko. Wako waliorudi bila kupenda, mwaka 2009, kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama. Mwaka huo huo Serikali ilianza mpango wa mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila moja ya sehemu 140 za uchaguzi, yaani 28,000 kwa jumla. Bwawa moja lilikuwa la mita 300 za mraba, nalo likatiwa vifaranga 1,000.

Nia ilikuwa njema, lakini mabwawa mengi yameachwa. Wala si mara ya kwanza. Katika miaka ya 1960 watu walihimizwa kula samaki kwa wingi, na mabwawa madogo maelfu yakachimbwa, hasa Magharibi na sehemu za Kati. Miaka ya 1970 mengi yalikuwa yameachwa, maana vifaranga vizuri havikupatikana na mafundisho yalikuwa haba.

Kwa nini jambo hili lirudie? Kwa maoni yetu, mkulima hupewa bwawa kabla ya kupewa hesabu.

Maarifa yapo. Sagana kuna kituo cha samaki tangu 1948. Lakini Sagana si Matete. Kwetu usiku ni baridi, na maji yakishuka chini ya digrii 20 ngege hula kidogo na kukua polepole. Tena huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, na bwawa hujaa samaki wadogo wasiouzika. Chakula nacho mara nyingi humeza zaidi ya nusu ya gharama, na omena anayesagwa humo ni yule yule tumlaye nyumbani.

Mambo haya hayaishi kwa semina. Twataka utafiti wa vitendo katika mabwawa ya wanachama wenyewe. Yachaguliwe mabwawa mawili yaliyo jirani, yatiwe vifaranga sawa siku moja. Moja lipewe chakula cha dukani, la pili pumba na soya ya shambani. Kila mwezi samaki wachache wavuliwe, wapimwe kwa mizani. Kila shilingi iandikwe, na kila saa ya kazi pia, hata ya mke nyumbani. Kazi isiyoandikwa huifanya hasara ionekane kama faida, na sisi wa Chama twalijua hilo kuliko wote.

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kipo Kakamega, na tangu 2013 uvuvi umekuwa kazi ya Kaunti. Nao walete mizani na wataalamu, sisi tutatoa mabwawa na mikono. Kisha matokeo yasomwe barazani kwa lugha tunayoielewa, faida na hasara pamoja.

Wengine watasema kupima ni kuchelewa. Twajibu: heri mwaka mmoja wa kupima kuliko kiinua mgongo cha miaka 20 kuzama topeni.

Mpaka hesabu hiyo itoke, ndugu, usitie fedha zako zote bwawani. Leteni majina ya wenye mabwawa kwa katibu wa tawi, tupeleke ombi letu kwa sauti moja.

Umoja ni Nguvu.