Amplifaya Kuukuu Ipimwe Kabla ya Kufunguliwa

Mtu apatapo amplifaya ya gitaa ya zamani, ile itumiayo vali, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kuifungua. Bisibisi huja kabla ya sikio. Kapasita hubadilishwa zote kwa mkupuo, vali ambazo bado zinawaka hutupwa kwa madai kwamba zimechoka, na pengine transfoma huuzwa kwa ajili ya shaba yake, sanduku likabaki kuwa la spika tu. Mimi natetea utaratibu mwingine: chombo hicho kirekodiwe na kupimwa kwanza nyumbani au shuleni, kikiwa vile kilivyo, ndipo fundi akiguse. Nawaelekea hasa walimu wa fizikia wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru, pamoja na wanafunzi wao, maana mji huo una historia yake katika jambo hili.

Arusha ndipo kilipokuwa kiwanda cha Philips kilichounganisha redio kwa soko la Tanzania, na hata leo Philips hutajwa na makondakta wa daladala kama jina la mahali. Kampuni hiyo, pamoja na tawi lake la Uingereza la Mullard, ndiyo iliyoeneza vali iitwayo EL84 katika miaka ya 1950. Vali hiyo ilitiwa katika redio na radiogramu nyingi za nyumbani. Na vali nne za namna hiyo hiyo ndizo zitoazo wati 30 katika amplifaya mashuhuri ya Kiingereza, Vox AC30. Kwa hiyo fundi aliyeijua vema radiogramu ya sebuleni alikwisha kuijua nusu ya amplifaya ya gitaa. Mji huo ulikuwa pia na wapigaji wa kuisikilizia. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipiga magitaa yao Arusha katika bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwaka 1971, ambako waliunda Simba Wanyika.

Bendi nyingi za zama hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zake ni hazina ya taifa. Lakini sauti tuisikiayo katika kanda ni matokeo ya mnyororo mrefu: waya wa gitaa, sumaku iliyo chini yake, amplifaya, spika, chumba, maikrofoni, na mwisho kanda yenyewe. Tukiharibu amplifaya zote za wakati ule bila kuzipima, pingu moja ya mnyororo huo hatutaweza kuichunguza tena. Hapo ndipo penye hasara, wala si katika thamani ya chombo sokoni.

Yafaa tukumbushane vali ni kitu gani. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto na kutoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa na anodi yenye volti nyingi. Na katikati yao husimama gridi, wavu mwembamba wa nyaya. Volti kidogo kutoka gitaa ikiletwa kwenye gridi huuzuia au kuuachia mkondo mkubwa upitao kwenda anodi. John Ambrose Fleming aliunda vali ya kwanza isiyo na gridi mwaka 1904, na Lee de Forest akaongeza gridi mwaka 1906. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila imefichwa ndani ya kidonge cheusi. Mwanafunzi aonaye kathodi ikiiva na kuwa nyekundu, kisha akasikia sauti ikianza kutoka baada ya sekunde kumi na ushei, hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba elektroni haziruki mpaka zipewe joto.

Ipo hoja moja nzito dhidi ya maoni yangu, nayo ni hatari. Amplifaya ya vali si redio ya betri. Ndani yake mna volti 300 na zaidi, tena kapasita zake huweza kuhifadhi volti hizo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Zinaua. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asitie mkono ndani kabisa, na hili halina mjadala. Kipimo cho chote cha ndani kifanywe na fundi au mwalimu ajuaye kumaliza chaji ya kapasita kupitia rezista. Amplifaya nyingi za kale zina waya wa umeme wenye nyuzi mbili tu, bila ya ardhi; fundi aubadilishe na kutia wa nyuzi tatu kabla ya lo lote, na hilo ndilo badiliko pekee nilikubalilo kabla ya kurekodi. Tena itazamwe kama imepangwa kwa volti 220 au 240, kwa kuwa ile iliyotoka Marekani ikiwa imepangwa kwa volti 120 itaungua papo hapo. Isiwashwe kamwe bila spika yake, maana transfoma ya kutolea sauti huweza kupasuka kihami chake.

Mafundi wana hila nzuri ya kuwasha chombo kilicholala miaka mingi. Huunga balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na amplifaya. Kama ndani mna hitilafu kubwa, balbu huwaka kwa nguvu na kuzuia mkondo. Kama hamna, hung'aa kidogo tu na kufifia. Siri yake ni ukinzani. Balbu hiyo ikiwa imewaka kikamilifu kwa volti 230 ina ukinzani wa omu 880 hivi, lakini ikiwa baridi huwa na sehemu ndogo tu ya hizo, kama moja ya kumi au pungufu. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii, na mwalimu aweza kuliuliza darasa lake kwa nini.

Basi tusikilize. Amplifaya ikiwashwa bila gitaa kupigwa, karibu daima hutoa mvumo. Umeme wetu una mitetemo 50 kwa sekunde. Mvumo wa mitetemo 50 kwa kawaida huingia kutoka katika nyaya za kupashia vali moto au katika kasoro ya ardhi. Lakini mkondo geu ukinyooshwa pande zote mbili, kama ilivyo katika amplifaya nyingi, mvumo utokao katika kapasita zilizokauka ni wa mitetemo 100. Gitaa lenyewe laweza kutuambia ni upi. Waya mnene kuliko wote, ukiwa umefungwa sawasawa, hutoa mitetemo 82 na kitu ukiwa wazi. Ukibanwa katika nafasi ya tatu hutoa 98. Piga noti hiyo taratibu huku mvumo ukisikika. Kama mvumo ni wa 100, utasikia sauti ikipanda na kushuka mara mbili kila sekunde, kwa kuwa 100 ukitoa 98 ni 2. Mwanafunzi amekwisha kujua pa kutafuta ugonjwa, na skrubu hata moja haijalegezwa.

Jaribio la pili ni la kukwaruza kwa sauti. Piga waya wa tano, wenye mitetemo 110, kwa sauti ya chini, kisha ongeza hatua kwa hatua, na kila hatua irekodiwe. Programu za bure za kompyuta na simu huweza kuchora mitetemo iliyomo katika rekodi. Kadiri vali zinavyosukumwa kufika mwisho wa nguvu zake, mitetemo ya 220, 330, 440 na kuendelea huzidi kusimama wima katika mchoro. Kisha pigwe noti mbili pamoja, ya 110 na ya 165. Sasa huzuka na 55, ambayo ni tofauti yao, na 275, ambayo ni jumla yao, ingawa hakuna aliyezipiga. Kwa maoni yangu hii ni sababu mojawapo iliyowafanya wapigaji wa muziki wetu wa dansi, ambamo magitaa matatu au manne husukana, wapende sauti safi: kila mkwaruzo ungezaa noti za wageni katikati ya ususi huo.

Tatu, umeme wa jioni. Nyumba nyingi zinapopika na kuwasha taa, volti katika soketi huweza kushuka. Ikishuka kutoka 230 hadi 207, yaani asilimia 10, volti 6.3 za kupashia kathodi nazo hushuka hadi 5.7 hivi, na zile za anodi hupungua vile vile. Rekodi ya saa mbili usiku ikilinganishwa na ya saa sita usiku huonyesha kama tofauti hiyo yasikika, nasi huachana na ubishi wa vijiweni.

Kuhusu kurekodi kwenyewe, adui wa kwanza ni simu. Simu nyingi hujipunguzia na kujiongezea sauti zenyewe bila kuulizwa. Ili kumkamata mdanganyifu huyo, weka simu nusu meta kutoka kwenye spika, kisha meta moja. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 umbali unapozidishwa mara mbili. Kama rekodi mbili zinalingana, simu imeingilia kati, na yatakiwa programu iachayo kipimo kimoja. Chumba chenye kuta za saruji hurudisha mwangwi, hivyo nje ya nyumba, kando ya migomba, hufaa zaidi siku isiyo na upepo. Chini ya paa la bati, kati ya Machi na Mei, kazi ikatishwe tu. Mvua ya masika kwenye miteremko ya Meru haishindani na maikrofoni.

Wako wasemao kwamba sauti hubadilika Arusha kwa sababu ya mwinuko. Mji uko meta 1,400 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Hewa nyepesi hupoza vali polepole zaidi, na kwa hiyo amplifaya isibanwe ukutani. Lakini mwendo wa sauti hewani hufuata joto, si kanieneo: asubuhi ya Julai yenye nyuzi 14 ni karibu meta 339 kwa sekunde, na mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 31 ni karibu 350. Wapiga tarumbeta wa makanisani huyaona hayo katika ala zao. Mpiga gitaa hayaoni.

Na je, vali ni tamu kuliko transista? Wengi huijibu swali hilo kama watetezi wa timu. Wasikilizaji wageuke nyuma wasione ni chombo gani kinapigwa, na nguvu za sauti zisawazishwe kwa kipimo, maana sikio hudhani kwamba kilicho na sauti kubwa kidogo ndicho bora. Majibu yaandikwe kwa siri.

Kila rekodi iambatane na karatasi yenye tarehe, saa, volti ya soketi, umbali wa maikrofoni, nafasi ya kila kitufe, na namba zilizochapwa katika vali. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine apewe mwenye amplifaya, kisha fundi aitwe.