Kitu cha Nuru Juu ya Kilimanjaro

Wako vijana wa Handeni na Korogwe ambao, waonapo usiku msururu wa taa ukipita kimya angani, husema ni majini. Aghalabu ni setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa makundi mwaka 2019, zimulikwazo na jua.

Lakini si kila habari huisha upesi hivyo. Asubuhi ya tarehe 19 Februari, 1951, eropleni ya East African Airways ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa. Rubani, Kapteni Jack Bicknell, na fundi wa redio na abiria waliona kitu king'aacho kimetulia juu ya Kilimanjaro. Walikitazama kwa muda wa kama dakika 17. Wengine walidai baadaye kwamba ni mazigazi tu.

Twamjua shahidi wa mwezi mwandamo: hukubaliwa kwa alichokiona, wala haulizwi mwezi umeumbwa kwa kitu gani. Basi rubani naye tumkubalie kwamba aliona. Asemaye kilitoka wapi, huyo ataka shahidi mwingine. Na kijana wa Handeni aonaye taa, kabla ya kutaja jini, na aandike saa, upande zilikotokea, na zilidumu muda gani.