Magaga Si Uchafu

SAFU YA JUMAMOSI
Na Mwanahawa Kibwana

Mwenye magaga hapa Morogoro huambiwa hajui kuoga. Ndiyo maana wasichana wanavaa soksi kwenye joto la Februari, na mama wa watu akifikiwa na wageni anavuta miguu chini ya kanga. Hukumu hiyo naikataa. Akina mama wanaotuletea ndizi na mboga kutoka Kinole na Mgeta wanaoga kila jioni, na magaga wanayo.

Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Inategemea jasho tu. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni, upepo mkavu unaimaliza. Sasa mtwike mtu mkungu wa ndizi kichwani, ateremke njia ya mawe ya Uluguru kwa kandambili. Kila hatua uzito wote unatua kisiginoni. Nyama laini ya ndani inatanuka pembeni, sugu ya juu haitanuki, basi inapasuka. Na kandambili haina ukingo wa nyuma wa kukishika kisigino. Kiatu kilichofunga nyuma ni kinga kubwa.

Tiba yenyewe haina gharama kubwa, inataka subira. Loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kama dakika 15, bila sabuni ya unga, maana inazidi kukausha. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu. Sugu haiondoki yote siku moja. Jikaushe mpaka katikati ya vidole, kisha kisigino kingali na unyevunyevu kipake mafuta ya mgando, uvae soksi za pamba ulale. Rudia kila usiku. Sugu ikiwa nene, ulizia duka la dawa mafuta yenye yurea.

Wembe usiuguse. Vijana wanaopita mitaani na vikapu vya rangi za kucha, wakisugua watu miguu, wanafanya kazi ya heshima, lakini msasa mmoja ukipita miguu ya watu kumi bila kusafishwa unasambaza fangasi. Nunua msasa wako, umpe kijana akusugulie nao. Magaga yakiwasha na ngozi ikibanduka mpaka kati ya vidole, huenda ni fangasi tayari, na hapo mafuta peke yake hayatoshi. Ufa unaotoa damu nao usiuzibe kwa gundi wala nta ya mshumaa. Udongo wa shambani una vijidudu vya pepopunda, nenda zahanati.

Ninaowahofia zaidi ni wenye kisukari, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuua hisia za miguu. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini walioumwa miguu na panya. Mtu asiyehisi jino la panya atahisije ufa wa kisigino? Kwa hiyo nawaomba wauguzi wa kliniki za kisukari mkoani kwetu: kila mgonjwa avue viatu kabla hajaondoka, mumtazame visigino na katikati ya vidole, hata kama foleni ni ndefu. Nyumbani, beseni nililolieleza si lake. Anawe haraka, maji ayapime kwa kiwiko na si kwa mguu, asitembee pekupeku hata uani, na mwanawe amkague nyayo kila jioni taa ikiwa karibu.