Gurudumu si Pambo

Msomaji kijana, uko upumbavu mmoja uliovaa joho la maendeleo, nao ni huu wa kuchagua magurudumu ya baiskeli kwa kuyatazama sura. Vijana wengi huyatamani yale yenye rimu nyembamba na spoki chache, kwa kuwa yafanana na ya washindani wa mbio. Kisha huyacheka ya Black Mamba, baiskeli nzito ya babu zao. Lakini ni nani astahiliye kuchekwa?

Pima kazi kwanza. Mshindani wa mbio kubwa hubeba mwili wake tu, hupita juu ya lami, na nyuma yake hufuata gari lenye fundi na magurudumu ya akiba. Wewe je? Wapita njia ya mawe na mashimo, na juu ya keria umepakia gunia la mahindi, au mdogo wako aendaye shule. Hapana gari likufuatalo.

Waundaji wa baiskeli za kale za Kiingereza walilijua jambo hili. Gurudumu la mbele walilitia spoki 32, na la nyuma 40, maana la nyuma ndilo lichukualo sehemu kubwa ya uzito. Spoki huivuta rimu kuelekea kitovuni, na zote pamoja huishika isiyumbe. Zikiwa nyingi, ikikatika moja, zilizobaki huichukua kazi yake nawe wafika nyumbani. Zikiwa chache, ikikatika moja rimu hupinda, gurudumu hukwaruza breki au uma, na safari imekwisha.

Wako wasemao kwamba jepesi huenda kasi. Sikatai. Lakini kasi yafaa nini katika safari isiyofika? Wala sisemi kwamba kila cha kale ni bora: rimu ya alumini ni nyepesi kuliko ya chuma, na wakati wa mvua breki huikamata vyema zaidi. Ichukue, ila idai spoki 36 au zaidi, na tairi nene lililojaa upepo, ili jiwe lisiipige rimu.

Tena, wingi pasipo kukazwa sawasawa ni jeshi la wavivu. Spoki iliyolegea huvutwa na kuachwa kila gurudumu lizungukapo, kama waya ukunjwao huku na huku, hata ichoke ikatike. Basi kila juma inua baiskeli, zungusha gurudumu, tazama kama rimu yayumba. Kisha bana spoki mbili mbili kwa vidole. Uionapo iliyolegea, mwendee fundi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku utakayompakia mdogo wako, hatakuuliza kama gurudumu lako lang'aa. Amekuamini umfikishe salama. Heri uchekwe ukiwa umefika, kuliko kusifiwa nanyi mmelala mtaroni.